Kibali cha Marehemu

"Mume wako mwenyewe ndiye aliyekuja kukichukua, mama. Asubuhi hii."

Hapo ndipo nilipowakatia uhondo wiki iliyopita, na walionitumia salamu za matusi nimezipokea zote. Tulieni. Mama Mikate bado yuko palepale kwenye dirisha la ofisi ya misitu, kiwiko kimeegemea ubao, na nyuma yake foleni ya wachoma mkaa, maseremala na wauza kuni inasukumana.

Mume wake wamemzika, mwezi haujakatika. Alitoka asubuhi kwenda kuokota kuni za tanuri katika msitu wa umma, akarudishwa jioni juu ya lori, kafunikwa turubai. Mti mkavu umeangushwa na upepo, waliambiwa. Bahati mbaya.

Na sasa karani anasema marehemu kaja kuchukua kibali chake.

Mwingine angepiga yowe. Mama Mikate hakupiga. Tangu siku ya lile turubai mwili wake wote ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Alfajiri ile alikuwa ameshika mlango wa tanuri kwa mkono mtupu, akasikia harufu ya ngozi kabla ya kusikia maumivu. Na maumivu yenyewe yalikuja kwa uvivu, kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba.

"Mume wangu amekuja hapa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi una bahati, dada," mchoma mkaa mmoja alidakia nyuma yake. "Wengine waume zetu wako hai na hata ndoo ya maji hawaifuati!" Foleni ikacheka, kisha mtu akamkanyaga yule mwanamke mguu na kumnong'oneza, naye akaziba mdomo kwa khanga.

Karani aliinama karibu na tundu la kioo. Alikuwa binti mdogo, mpole, ambaye siku ya msiba alikuja na kilo mbili za sukari akakaa na kina mama hadi jioni.

"Alivaa koti la kijani, lina kiraka begani," alisema polepole, akilikaza kila neno. "Alikuwa na kitambulisho. Nimempa kibali, kaenda zake msituni. Kuni zako zitafika. Nenda nyumbani, mama. Umenielewa? Nenda."

Huku akimkodolea macho, na kichwa akikitikisa kidogo sana, kama anayemfukuza kuku asimwage mchele.

Mtu mwenye akili zake angeelewa. Lakini ganzi haichagui. Ikishika mguu inashika na akili.

"Binti," Mama Mikate alisema, kwa sauti ileile anayowaambia wateja kwamba mikate imekwisha, "mume wangu amekufa. Tumemzika. Wewe mwenyewe ulikuja."

Foleni iliacha kusukumana.

Nyuma ya karani, mlango wa ndani ukafunguka. Bwana Misitu akatokea na kikombe cha chai mkononi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata nyama.

"Nani kachukua kibali cha marehemu?"

Karani alikuwa amefumba macho.

"Nakuuliza wewe. Marehemu yupi?"

"Yule wa… wa kitalu cha bondeni, bosi."

Kikombe kikasimama njiani. "Na hicho kibali ni cha kitalu gani?"

"Hichohicho. Bondeni. Aliomba kipya kabla hajafa, kikatoka juzi kwa jina lake."

Bwana Misitu alikiweka kikombe juu ya meza bila kukionja, akanyakua simu, akapiga kwenye kizuizi cha njia ya msituni. Hakungoja salamu wala hakutoa. "Kizuizini! Kuna mtu kaingia bondeni kwa kibali cha marehemu. Asitoke. Nasema asitoke mpaka nifike!"

Kisha akamgeukia mjane. "Mama, hili sasa halikuhusu. Ni jinai. Huyo mtu, awe nani awe nani, ataozea ndani."

"Na kuni zangu?"

"Kibali hicho kimekufa na mwenyewe. Ukitaka kingine, lete barua ya msimamizi wa mirathi, kutoka mahakamani."

"Mahakamani!" sauti ikatoka mwisho wa foleni. "Mpaka barua itoke, tanuri litakuwa limeota nyasi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bwana Misitu alirudi ndani kutafuta funguo za gari. Karani akashusha pazia la dirisha, lakini kabla halijagusa ubao, Mama Mikate alimsikia kwa chini:

"Mama yangu, kwa nini hukunielewa?"

* * *

Alielewa alipofika kwenye kona ya kinyozi.

Koti la kijani lenye kiraka begani lilikuwa moja tu duniani. Kiraka alikishona yeye, kwa uzi wa magunia ya unga. Na tangu msiba koti lile lilikuwa likining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha mama mkwe, kitambulisho kikiwa kwenye mfuko wa ndani. Hakuna mwizi wa nje aliyelijua hilo.

Alikuwapo wa ndani mmoja.

Marehemu aliacha mdogo wake, mtaa mzima unamwita Kesho. Jina hakupewa na wazazi; alilichuma mwenyewe. Nitakuja kesho. Nitalipa kesho. Kazi nitaanza kesho. Kaka yake alipowekwa kaburini, watu walisimama wakiangalia barabara, wakamsubiri Kesho ashike japo konzi moja ya udongo. Hakutokea, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona.

Kibali cha msitu ni mali. Wapo wanaovizungusha vibali kama karata, wakaviuza kwa watu wenye misumeno ya mashine na malori. Kwa hiyo Mama Mikate alijumlisha mambo yake njiani, bila hasira, kama anayepima unga. Kesho kaiba koti. Kesho kauza kibali cha kaka yake. Basi.

Alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kizingiti cha mlango, anachambua maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekipata?"

"Koti liko wapi, Mama?"

Vidole vya bibi viliendelea kutembea kwenye ungo. "Nimelifua."

Mama Mikate aliangalia kamba ya nguo. Ilikuwa tupu, shomoro amekaa katikati.

"Limekauka?"

"Wewe mtoto," bibi alisema bila kuinua uso, "ukishajua jibu, unauliza nini?"

"Nani kalichukua?"

"Koti halina miguu. Likitoka limetolewa. Nimelitoa mimi."

"Umempa nani?"

Hapo bibi akainua uso. "Nina wangapi, nikachague wa kumpa?"

Shomoro aliruka, kamba ikabaki inacheza.

"Alikuja mlango wa jikoni," bibi aliendelea. "Kakonda, ndevu kama mtu wa gerezani. Akasema, Mama, shemeji akienda kuomba kile kibali watamzungusha mpaka azeeke. Jina si lake. Nipe koti la kaka, mimi na yeye sura moja, nitaingia nimwokotee kuni. Na usimwambie. Sina uso wa kumtazama."

"Kesho, Mama? Kesho aokote kuni?"

"Hata mimi sikuamini. Mtoto niliyemzaa nikimtuma chumvi inaletwa baada ya chakula kuliwa! Lakini alichukua shoka la kaka yake. Aliyekwenda kuuza kibali shoka la nini?"

Mama Mikate alikaa chini, kwenye udongo, mbele ya ungo. Alitegemea kwamba sasa kitu kitaingia moyoni: aibu, au huruma. Alisubiri kidogo. Hakikuja kitu.

"Mama, nimemponza," alisema. "Nimesema pale dirishani kwamba mume wangu amekufa. Nimesema mbele ya watu. Bwana Misitu amepiga simu kizuizini, anakwenda kumkamata."

Ungo ulitulia.

Bibi hakulia. Alijifuta mikono kwenye nguo, kidole kimojakimoja.

"Nilizaa wawili," alisema. "Mmoja nimeshamfunika. Nenda kamtoe huyo."

"Twende wote."

"Mimi nikienda nitalia, njia nzima nitalia, sitaona hata pa kukanyaga. Nenda wewe usiye na machozi. Wewe utaiona barabara."

Mama Mikate hakujua kama alitukanwa au alibarikiwa. Alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akaenda.

* * *

Gari la kokoto lilimbeba hadi njia panda ya msitu. Dereva alimtazama mara moja, akamtambua, akazima redio.

Kizuizini palisimikwa ubao mkubwa wenye maandishi meupe: KITALU CHA BONDENI. KUNI KAVU TU. MTI MBICHI HAUGUSWI. Mlinzi wa kizuizi, mzee mwenye sare iliyopauka, alimwona kwa mbali akaja mbio huku anafunga mkanda.

"Mama Mikate! Mumeo kapita asubuhi."

"Mzee wangu, wewe ulikuwa mmoja wa waliombeba mume wangu."

"Najua niliyembeba." Mzee aliangalia barabara, akaangalia miti. "Lakini nikiulizwa, mimi nimeona koti, nimeona kitambulisho, nimeona kibali. Macho yangu mabovu, kila mtu anajua. Sasa mama, bosi yuko njiani. Ukifuata njia ya kushoto utamkuta. Ukipata la kumwambia, mwambie apande mlima atokee upande wa pili. Kimbia!"

Kumbe kila mtu alikuwa anadanganya kwa ajili yake. Karani alidanganya, mama mkwe alidanganya, mzee wa kizuizi alidanganya. Mkweli alikuwa yeye peke yake, na ukweli wake ulikuwa unakuja nyuma kwa gari.

Alikimbia. Miguu ilikwenda, lakini aliisikia kama miguu ya mtu mwingine inayompita.

Kwanza alisikia shoka. Si mashine, shoka. Lilipiga, likanyamaza, likapiga tena, kama la mtu asiyezoea kazi. Kisha kati ya miti akaliona koti.

Mgongo uleule. Bega lile lenye kiraka, lililoshuka kidogo kuliko jingine. Hata namna ya kusimama kupumzika, mkono mmoja kiunoni, ilikuwa yenyewe.

Msomaji wangu, ningependa kukuandikia kwamba moyo wake uliruka. Haukuruka. Alisimama akautazama ule mgongo kama mtu anavyotazama picha ukutani kwa jirani, akawaza kwamba uzi wa kiraka umeanza kuachia upande wa chini.

"Shemeji," alisema.

Kesho aligeuka. Shoka likamponyoka.

Kwa kweli alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, amevifunga vitambaa. Na pembeni yake, zimepangwa vizuri kuliko alivyowahi kupanga kitu chochote maishani mwake, zilikuwa kuni kavu: matawi yaliyoanguka, magogo yaliyooza upande mmoja, hakuna hata kijiti kibichi.

"Nilimwambia Mama asikwambie," alisema.

"Ondoka. Bwana Misitu anakuja kukukamata. Panda mlima, utokee upande wa pili."

"Nani kamwambia?"

"Mimi."

Kesho alimtazama. Halafu, badala ya kukimbia, alikaa juu ya kuni zake.

"Sawa tu," alisema.

"Nini sawa? Simama!"

"Shemeji, siku ile aliniita. Alikuja dirishani kwangu asubuhi, akasema, mdogo wangu, leo mzigo ni mkubwa, twende wawili." Alikuwa anaongea na vile vitambaa vya mikononi. "Unajua nilimjibu nini?"

Alijua. Mtaa mzima ungejua.

"Sikuja kuzika kwa sababu hiyo. Ningemtazama nani? Lakini tangu siku ile nakuja hapa. Nachungulia, naondoka. Nikitaka kuona tu ule mti. Nikasema, mti gani huu uliomngoja kaka yangu peke yake." Akainua uso. "Ndipo nikaona. Njoo, kuna kitu lazima ukione. Ukishakiona nitaondoka, au wanikamate, vyovyote."

"Hatuna muda."

"Ni hapo tu."

Ilikuwa hapo tu kweli, nyuma ya kichaka. Ule mti mkavu walioonyeshwa na ofisi ulikuwa umelala palepale, na ndio uliopigwa picha ya ripoti. Lakini Kesho alimwonyesha udongo kwa ncha ya kiatu: mfereji mrefu, uliobonyea, kutoka vichakani hadi kwenye ule mti.

"Mti wa upepo huanguka. Huu umeburutwa. Sasa tazama huku."

Aliinua matawi yaliyofunika kitu. Chini yake kulikuwa na kisiki kipana, cheupe, cha mti uliokuwa mbichi. Kilikatwa kwa msumeno wa mashine, laini kama meza. Na ubavuni mwa kisiki, imegongwa kwa kina, ilikuwapo nembo.

Kila mwenye tanuri aliijua nembo hiyo. Ni ya nyundo ya chuma ya ofisi, inayogongwa kwenye kisiki cha mti unaokatwa kwa ruhusa, ili gogo lipite vizuizi vyote bila swali. Nyundo yenyewe hukaa kwenye kabati la Bwana Misitu, na funguo hukaa mfukoni mwake.

"Hapa ni kuni kavu tu," Mama Mikate alisema. "Ubao umesema."

"Ubao umesema. Kaka alikuwa anaokota zake akiamini ubao. Hakujua kuna watu wenye mashine wanaangusha mti mbichi juu ya kichwa chake."

"Labda walikata siku nyingine."

Kesho alitikisa kichwa. Alipiga magoti kando ya kisiki, akaparua unga wa mbao uliorundikana pale walipokatakata gogo. Akatoa kiatu.

Siku marehemu aliposhushwa kwenye lori, mguu mmoja ulikuwa na kiatu na mwingine hauna. Waliomleta walisema kimepotea njiani.

"Nilikikuta humuhumu," Kesho alisema. "Nikakirudisha nilivyokikuta, ili uone mwenyewe, usiseme Kesho anatunga. Unga uko juu ya kiatu, shemeji. Si chini. Walimtoa kaka, wakamlaza pembeni, halafu wakaendelea kukata mti wao."

Mama Mikate alikipokea. Alikigeuza, akakigonga kisigino kwenye kiganja, unga wa mbao ukamwagika. Akagonga tena. Alikuwa anafanya kama anavyokung'uta bati la mikate, na alijua anafanya hivyo, na hakuweza kuacha. Juu ya kiatu kamba ilikuwa bado imefungwa fundo lake, lile fundo mara mbili la mtu asiyependa kuinama tena.

Hakulia. Ila alihisi kwamba mahali fulani mbali sana ndani yake, mtu alikuwa ameanza kugonga mlango.

Gari likasikika.

"Kimbia sasa," alisema.

"Kesho," alijibu Kesho, na ilikuwa mara ya kwanza anajitania mwenyewe. Akachuchumaa palepale.

* * *

Bwana Misitu aliliendesha mwenyewe, mpaka mwisho wa njia ambapo gari haliwezi kwenda. Walishuka askari wa misitu wawili, mmoja ana pingu. Mwisho akashuka karani, aliyeletwa kutambua mtu. Alikuwa ameikumbatia mikono yake kama mwenye baridi.

"Ndiye huyu aliyekuja dirishani?"

Karani aliangalia chini.

"Nakuuliza!"

"Macho yangu hayakuona vizuri, bosi."

"Msitu huu una ugonjwa wa macho leo," Bwana Misitu alisema. Akamgeukia Mama Mikate, akisogea, na katika kusogea akainua mguu mmoja akauweka juu ya kisiki, kama mtu anavyoweka mguu kwenye ngazi ya nyumba yake. "Mama. Wewe ndiye uliyesema mbele ya watu kwamba mumeo amekufa. Basi huyu mwenye koti la mumeo na kitambulisho cha mumeo ni nani?"

Kisha akaona alipokanyaga. Mguu ukashuka taratibu.

Aliangalia matawi yaliyoondolewa. Akaangalia nembo. Akaangalia kiatu mikononi mwa mjane. Mikunjo ya shati ilibaki vilevile, lakini uso ulikuwa umepoteza pasi.

"Ninyi rudini kwenye gari," aliwaambia askari. Hawakwenda mbali, walirudi hatua chache wakasimama.

Sauti yake ilipotoka tena, ilikuwa tamu.

"Mama, tusikilizane. Wewe ni mjane, una tanuri, una watu wanakutegemea. Sheria ni ngumu, lakini sheria inaandikwa na watu. Leo hii, jioni hii, nitakuandikia kibali. Kwa jina lako. Si la marehemu, si la mtu. Lako. Kila mwaka kitatoka, mahakama usiione hata mlango. Nataka neno moja tu. Sema huyu ni mwizi, alikuibia koti na kitambulisho, hujui alikoingilia. Basi. Na hicho kiatu kibovu kiache hapa."

Kibali kwa jina lake. Ndicho alichokuwa amekifuata tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii, wasomaji wangu mnakumbuka. Amekililia bila machozi katika kila dirisha, amekalishwa kila benchi. Sasa kiko mbele yake, na bei yake imechuchumaa pembeni ya kisiki, imefunga vitambaa mikononi.

Kesho alisema, "Mwambie tu, shemeji. Mimi nilishachelewa."

Mama Mikate alimtazama Bwana Misitu. Alingoja tena kama kitu kitakuja, hasira au woga. Ganzi ilikuwa palepale. Na kwa mara ya kwanza aliona faida yake: mtu aliyekufa ganzi huwezi kumtisha, na huwezi kumbembeleza.

"Huyu ni shemeji yangu," alisema, kwa sauti ya kutosha kuwafikia askari. "Amekuja kuniokotea kuni. Na hiki ni kiatu cha mume wangu. Kilikuwa chini ya unga wa mti huu mbichi wenye alama ya nyundo yako."

Askari mmoja alivua kofia. Naye alikuwamo kwenye ule msafara wa kumbeba marehemu.

Utamu ukaisha. "Mtieni pingu."

"Nani, bosi?" aliuliza askari mwenye pingu.

"Wote wawili! Huyu kwa kughushi, huyu kwa kumsaidia. Na hicho kiatu nipe mimi."

Kesho alinyoosha mkono. Mama Mikate akanyoosha wake kando yake, na ili aunyooshe ilibidi akipeleke kiatu mkono wa kushoto. Bwana Misitu akaruka kukinyakua.

Hakukipata.

Karani alikuwa amefika kwanza. Hakuna aliyemwona akitembea. Yule binti aliyekuwa amejikunyata kwa baridi alikichomoa kiatu kwenye vidole vya mjane, akakifumbata kifuani, akageuka, akakimbia kwenye njia kuelekea gari.

"Wewe! Lete hapa!"

Binti aliingia upande wa dereva. Mlango ukajifunga. Wakasikia, wote watano waliobaki, ule mlio mdogo wa milango kujikomea kwa ndani.

Bwana Misitu alipapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili. Funguo alikuwa ameziacha ndani.

Alifika akagonga kioo kwa ngumi. "Fungua! Umeshawahi kuendesha gari wewe? Fungua nakwambia!"

Nyuma ya kioo karani hakumtazama. Alikiweka kiatu kwenye kiti cha pembeni, akakifunga mkanda kama anavyofungwa mtoto, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

Gari likawaka.